Chupa Ambayo Sikuipindua

Ciru wangu,

Uko kwa Mama Njeri unasukwa nywele, na kwa vile umetaka zile ndogondogo, najua nina kama masaa manne kabla hujaingia. Nimekaa kwa kitanda chako kwa sababu meza imejaa nguo zako. Ukirudi nitakupa barua hii mkononi, kisha nitatoka niende nikae na Mama Njeri mpaka umalize kuisoma. Sitaki kukuangalia ukisoma, na najua wewe pia hutataka niwe hapo.

Mambo ya kuchemsha maji na kupiga simu ukifika Lodwar sitaandika. Unayajua kunishinda, na ulianza kuyajua mapema kuliko mtoto anavyopaswa. Nataka kuandika juu ya Fundi Bakari, na juu ya kitu ulichosema Jumapili iliyopita hapa kwa ploti tulipokukaribishia watu wakuage.

Unakumbuka ulivyosimama na kikombe chako cha chai. Ulimshukuru mchungaji, ukanishukuru mimi, halafu ukamgeukia Fundi, unayemwita Mwalimu. Ukasema, "Mwalimu alinifundisha yote ninayojua kuhusu mafuta, hata kwa makosa yake. Aliwahi kuacha vali ikivuja mpaka akafukuzwa, ameniambia mwenyewe. Mimi nikifika kule kwa visima vya mafuta, hiyo haitanipata." Watu wakacheka. Fundi naye akacheka. Hukusema vibaya, mtoto wangu, ulisema kwa mapenzi, na kila mtu aliona hivyo. Lakini mimi nilikuwa nimebeba sinia la chapati, na nilimwona akiangalia mikono yake. Aliiangalia kama mtu anayeangalia kitu alichouziwa kikiwa kibovu.

Ile vali haikuvuja, Ciru. Haikuwahi kuvuja. Najua kwa sababu kosa lilikuwa langu, na nimelinyamazia miaka kumi na moja.

Sasa wacha nikwambie vile ilikuwa, na nitajaribu nisijipake rangi.

Unajua nilifanya kazi kwa maabara ile ya Westlands. Nimekuwa nikikwambia nilikuwa mfanyakazi wa maabara, na ni kweli kidogo. Niliingia kama mtu wa kupiga deki. Fundi Bakari ndiye aliyenitoa kwa ndoo. Aliona nasoma vibandiko vya chupa nikipanguza rafu, akaniuliza, "Binti, wewe umefika darasa la ngapi?" Nikamwambia nilifika kidato cha pili, halafu nikapata mtoto. Hakuuliza mtoto ni wa nani. Akasema, "Basi weka hilo deki, njoo nikuoneshe kitu."

Alichonionesha ndicho kile alichokuja kukuonesha wewe baadaye kwa kibanda chake cha meko, kwa kutumia kiberiti cha gesi kile kinachoonekana ndani. Lakini mimi nilioneshwa kwa mafuta yenyewe. Yalikuwa yanaletwa kutoka kaskazini ndani ya chupa za chuma, nzito kama mtungi wa gesi uliojaa, zikiwa zimefungwa na presha ile ile ya chini ya ardhi. Nilimwambia, "Ni kama soda tu, si ndiyo? Ukifungua, gesi inatoka." Alikataa. Alisema, "Soda ni maji na mgeni aliyetiwa ndani kwa nguvu. Hawa ni watu wa nyumba moja, wepesi na wazito. Kule chini, kwa joto lile na uzito ule wa mwamba juu yao, hakuna wa kuitwa gesi wala wa kuitwa mafuta. Ni kitu kimoja. Sisi tukivileta juu ndio tunavitenganisha, halafu tunavipa majina."

Kazi yake ilikuwa kutafuta mahali pa kutengana. Anayaweka mafuta ndani ya chumba kidogo cha chuma chenye kidirisha cha kioo kinene, anayapasha moto mpaka yafikie joto la kwao, halafu anashusha presha pole pole sana, huku akichungulia. Kwa muda mrefu huoni kitu. Halafu kiputo kimoja kinatokea pale kwa kioo, kidogo kama kichwa cha pini. Anaandika presha ya hapo. Watu wa visima wanaingoja namba hiyo kuliko kitu kingine. Wakijua hapo ndipo gesi inaanza kutoka, watajua wasiishushe presha ya kisima chini ya hapo ovyo ovyo. Gesi ikishatoka kule chini, inakimbilia kisimani peke yake, na mafuta yanayobaki yanapungua, yanakuwa mazito, yanang'ang'ania mwamba na hayataki kutembea.

Na mafuta ya kwetu yana nta nyingi. Ukiyaacha yapoe kwa joto la Nairobi yanaganda kama mshumaa. Kwa hivyo kabla ya kuyapima, lazima chupa ivishwe koti la umeme la kuipasha joto, irudishiwe presha, na ipinduliwe juu chini, juu chini, siku kadhaa, mpaka kila kitu kirudi ndani ya kingine. Kulikuwa na mashine ya kuipindua. Wiki ile mota ya mashine ikaungua. Fundi akasema tutaipindua kwa mkono, kwa zamu, kuna gurudumu la kuzungushia pembeni. Kila saa, mara thelathini, na baada ya kila zamu unaandika saa na unaweka alama kwa kisanduku cha karatasi.

Jumamosi ilikuwa zamu yangu, peke yangu, kuanzia asubuhi hadi jioni. Fundi alinipa ufunguo. Alisema, "Leo wewe ndiye maabara."

Sasa hapa ndipo nimekudanganya maisha yako yote. Umekua ukisikia kwamba siku hiyo ulikuwa na homa, kwamba niliitwa na jirani nikakimbia Kangemi kukuona, na kwamba karibu nifutwe kazi kwa ajili yako. Nilimwambia shangazi yako hivyo, akakwambia, na mimi sikukanusha. Nilianza hata kuisimulia mwenyewe. Homa yako iliisha Alhamisi, Ciru. Jumamosi hiyo ulikuwa unacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwa uwanja, na ulikuwa umekula vizuri.

Nilienda kwa sherehe ya kuzaliwa ya Lilian, msichana tuliyesoma naye. Walikuwa wanakula kuku kwa duka kubwa hapo karibu, ghorofa ya juu, dakika kumi kwa miguu. Nilijiambia ni lisaa limoja. Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Wale wasichana walikuwa wanaongea juu ya chuo na wavulana na viatu, na hakuna hata mmoja aliyeniita Mama Ciru. Lilian alisema, "Huyu Wangari hajabadilika, angalia shingo yake," na nikacheka mpaka machozi. Ningeweza kuondoka. Niliangalia saa ya ukutani mara nne. Kila mara nilijua ile chupa imelala vile nilivyoiacha, na kila mara nilikaa. Sitakwambia nilikuwa nimechoka, ingawa nilikuwa. Nilikaa kwa sababu nilikuwa nafurahi, na furaha hiyo wewe hukuwa ndani yake. Hicho ndicho nilichoona aibu kukisema, kuliko hata chupa. Nikakuweka wewe mahali pake, na homa yako.

Niliporudi ilikuwa saa kumi. Nilikuta stima ilipotea na ikarudi, na lile koti la kupasha joto halijiwashi lenyewe, lazima mtu abonyeze. Hakukuwa na mtu. Niliigusa chupa, na ilikuwa imepoa. Nilijua maana yake, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa. Ikipoa, presha ndani inashuka, gesi inapanda juu, nta inaganda chini, na vile vilivyokuwa kitu kimoja vimekuwa vitatu. Kuvirudisha ni kuanza upya, siku zote zile. Nilibonyeza koti, nikazungusha gurudumu kama mwendawazimu nusu saa mpaka mabega yakaniuma. Halafu nikachukua karatasi nikajaza visanduku vitano. Sikuandika saa kamili zote. Niliandika moja imepita dakika mbili, nyingine imepita dakika tano, ili ionekane kweli. Hicho ndicho kinachonitisha nikikumbuka, jinsi nilivyokuwa hodari.

Jumatatu Fundi aliyatoa mafuta, akayaweka kwa chumba chake cha kioo, akaniita nichungulie kiputo kikitokea. Kilitokea. Aliandika namba yake, lakini uso wake haukupenda. "Imekuja chini mno," alisema. "Hii ni kama mafuta yaliyopoteza gesi njiani." Nikasimama hapo hapo na kitambaa mkononi.

Watu wa visima nao hawakuipenda namba. Haikulingana na walichokiona wao kule kisimani, na chupa ya pili haikuwapo. Tukaitwa kwa ofisi ya meneja, sisi wawili. Meneja alikuwa na karatasi yangu mbele yake. Akaniuliza, "Uliipindua kila saa?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Haikupoa?"

"Haikupoa."

Alikuwa anataka kuuliza tena, niliona. Lakini Fundi Bakari alimkatiza. Alisema, kwa ile sauti yake ya pwani isiyoharakisha neno, "Binti huyu akisema ameipindua, ameipindua. Mimi ndiye niliyemfunza. Ikiwa gesi imepotea, basi imepotea mikononi mwangu wakati wa kuhamisha. Yawezekana vali sikuikaza."

Alisema "yawezekana". Meneja aliandika "ameungama".

Fundi hakurudi kazini. Mimi nilikaa pale miaka miwili zaidi, mpaka maabara ikafungwa na nikarudi kwa deki, huku kwa maofisi ninapofanya sasa.

Alipokuja kufungua kibanda cha kutengeneza meko za gesi hapa Kangemi, nilijua kwa sababu nilimwona, na nikapita upande mwingine wa barabara miezi mitatu. Wewe ndiye uliyenipeleka kwake. Ulikuwa na miaka tisa, ukanivuta mkono ukitaka kuona moto wa buluu. Alifurahi kuniona, Ciru. Alikuuliza jina, akakwambia, "Mama yako alikuwa mwanafunzi wangu bora." Tangu hapo Jumamosi zako zote zilikuwa zake. Nilikuwa nawaona nikitoka sokoni, vichwa viwili juu ya kiberiti. Nilikusikia siku moja ukibishana naye: "Hapana, Mwalimu, presha ikishuka ni gesi inatoka kwa mafuta, wewe mwenyewe ulisema." Naye anakujibu, "Kuna visima vingine, mwanangu, mambo yako kinyume. Huko chini ni gesi tupu, na presha ikishuka ni mafuta yanayodondoka kutoka ndani ya gesi." Ukaniambia usiku huo hukulala vizuri ukifikiria hilo jambo. Nikacheka. Mimi pia sikulala, ila langu lilikuwa lingine.

Wewe umemjua akiwa mtu anayekagua kila mtungi mara tatu kwa povu la sabuni. Ulidhani alizaliwa hivyo. Wateja wanamtania, "Mzee, unaosha mtungi ama unatengeneza?" Hakuwa hivyo. Kule maabara alikuwa anakaza vali mara moja, anapiga mkono juu yake, anaondoka akiimba. Mimi ndiye niliyemfanya asiamini mikono yake.

Na wewe nawe nimekufanya kitu. Kidato cha pili, ule uvimbe wa tumboni uliotaka kukuua, ulikaa nao siku mbili bila kuniambia. Kule hospitalini nilikuuliza kwa nini, ukasema, "Sikutaka uache kazi tena kwa sababu yangu." Ulisema "tena". Nilikuwa nimekushika mkono, daktari yuko hapo, na hata hapo sikufungua mdomo. Nikakupangusa jasho. Nadhani hicho ndicho kibaya zaidi nilichowahi kukufanyia, na mtu yeyote aliyekuwa pale angeona mama mzuri.

Ndiyo maana baada ya maneno yako ya Jumapili sikuweza tena. Alhamisi nilipotoka kazini nilishukia kwa kibanda. Alikuwa na mtungi wa mtu miguuni na sponji mkononi. Sikukaa. Nilimwambia, "Fundi, ile chupa sikuipindua."

Hakuuliza chupa gani. Aliuliza, "Masaa mangapi?"

"Matano."

"Na koti?"

"Stima ilipotea. Nilikuta limezima."

Aliendelea kupaka povu, polepole, akizunguka shingo ya mtungi. "Ililala upande gani? Ile ncha ya kutolea ilikuwa chini?"

"Chini."

"Basi nilitoa mafuta ya chini na gesi ikabaki juu." Hakuwa anaongea na mimi. "Basi namba ilikuwa sawa. Nilipima sawasawa kilichokuwemo."

"Ulipima sawasawa, Fundi."

Mwenye mtungi akaja, yule mama wa mboga. "Mzee, iko tayari ama niende nirudi baadaye?" Fundi alikuwa ameukagua mara moja tu. Akapanguza povu, akampa. "Iko tayari," akasema.

Mama alipoenda nilidhani atanifukuza au atalia. Alivuta stuli akakaa. Akasema, "Mwanangu Salim alitaka kusoma kazi hii. Alikuwa na kichwa kama cha Ciru. Nikamwambia aache, mikono ya kwetu si ya kazi hii. Sasa yuko Mombasa, anauza vifuniko vya simu." Nilitaka kumwambia pole. Akaninyooshea kiganja ninyamaze. "Nenda nyumbani, Mama Ciru." Miaka yote ameniita binti.

Ijumaa nilimpelekea karatasi niliyoiandika na kuitia sahihi, nikisema yote haya, ampelekee anayetaka. Niliiacha juu ya meza yake, hakuniangalia. Jana akanipigia simu. Alisema hivi, nimeyashika kama alivyoyasema: "Ciru nitampeleka mwenyewe kwenye basi kesho kutwa, kama tulivyopanga. Mtoto hana kosa lolote, na kuna vitabu nataka kumpa. Lakini wewe usije. Siwezi kusimama na wewe mahali pamoja. Labda baadaye. Labda hapana." Nikasema sawa. Sikumbembeleza. Nilitaka sana kukusindikiza, Ciru, nilikuwa nimeshaomba ruhusa kazini. Lakini yeye amenyimwa mengi na mimi, na hiki ndicho cha kwanza alichowahi kuniomba.

Kwa hivyo usiniombee kwake. Nakujua. Utataka kutupatanisha ndani ya dakika kumi, katikati ya kelele za manamba wanaoitia abiria pale mjini. Acha. Ukimkasirikia kwa kunikataza, utakuwa umechukua upande wangu, na upande wangu hauna kitu. Ukinikasirikia mimi, nitaelewa. Unaweza kukaa bila kunipigia simu hata wiki. Zaidi ya hapo nitakupigia mimi, kwa sababu bado ni mama yako.

Sina mafundisho mengi. Utakuwa unajaza karatasi kama ile, kule kwa visima, na jua litakuwa kali, na utachoka, na kutakuwa na kisanduku cha saa ambayo hukuwapo. Kiache kitupu. Watakufokea. Acha wafoke, watapata chupa nyingine, na kama hawana nyingine basi watajua hawana. Na ukiugua, sema siku hiyo hiyo, kwa mtu yeyote aliye karibu. Hujawahi kunipotezea kazi. Hujawahi kunipotezea kitu. Siku ile kwa Lilian nilitaka kuwa msichana asiye na mtoto kwa masaa matano, na nilikuwa, halafu nikarudi nyumbani ukanikimbilia uwanjani na miguu mitupu, na nikakubeba mpaka ndani ingawa mabega yalikuwa yananiuma. Vyote viwili ni kweli. Sijui kuviandika vizuri kuliko hivyo.

Kesho saa kumi na mbili unusu asubuhi Fundi atakuwa ng'ambo ya barabara, karibu na pale wanauza magodoro. Nitakubebea begi mpaka kwa geti la ploti. Vuka barabara vizuri. Ukimfikia, kabla hujamsalimia, mwambie ulikosea ulivyosema ile Jumapili, kwamba uliambiwa uongo na mtu uliyemwamini. Aone unajua. Mengine mtaongea njiani. Mimi nitakuwa nimeshafunga geti.

Mama yako,
Wangari